Mashimo Nane

Fundi aliyekuwa akiandika msalaba wa Eda aliinua brashi, akauliza mwaka wa kuzaliwa. Watoto wa marehemu wakatazamana. Mkubwa akataja mwaka mmoja, wa pili akataja mwingine, na mkwe akasema kwamba kadi ya kupigia kura ina mwaka tofauti na yote miwili. Cheti cha ubatizo kiliungua zamani pamoja na nyumba ya kwanza. Rangi nyeusi ilikuwa inadondoka kwenye mchanga wa Lundo, kando ya ziwa, tone moja moja, na padre alikuwa ameshafika. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, miguu imevimba kwa safari ya kuteremka kutoka Mbinga, nikasema, “Andika mwaka wangu.” Fundi akanitazama. “Bibi, wewe na marehemu mlizaliwa pamoja?” Nikamwambia hapana, yeye alinitangulia kwa miezi sita, lakini mwaka ni mmoja. “Una hakika?” akauliza, na lilikuwa swali la haki, maana sisi wa umri huu, wa milimani na wa ziwani, wengi wetu tuna miaka ya kukadiria. Tulipewa miaka na walimu waliotutazama urefu, au na makarani waliokuwa na haraka ya kwenda kula. Wangu mimi ulitafutwa. Ulitafutwa kwa miguu, kwa sababu watu wa mbali sana, ambao hawakuwahi kuniona, walitaka kuujua kabla ya kunipokea.

Mwaka ule Waingereza walikuwa bado wanatawala, nami nilikuwa katika chuo cha ualimu cha masista, upande wa Songea. Nakumbuka zaidi chumba cha Sista Adelina, mkuu wetu: harufu ya sabuni na mapera, sakafu nyekundu iliyong'arishwa mpaka ukaona aibu kuikanyaga, na ramani ya dunia iliyotobolewa na mchwa kwenye kona ya chini. Aliniita akanisomea barua. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda Uingereza kwa miaka miwili, kusomea ualimu wa maarifa ya nyumbani, na yeye alikuwa amelitaja jina langu. Kisha akanisomea mahitaji, akisimama kwenye kila neno kama anayenipimia chumvi. Koti la sufu. Sweta mbili. Jozi mbili za viatu vya kufunika. Chanjo ya ndui, na karatasi ya kuonyesha kwamba nimechanjwa. Meno yatazamwe na daktari. Picha bila kitambaa kichwani. Jina la mtu wa kupelekewa habari endapo nitapatwa na jambo. Nilimuuliza, “Sista, wamejuaje kwamba nitapatwa na jambo?” Akacheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Chuoni walikuwa wananiita Mama Maswali, na kwa miezi ile nililistahili jina hilo kuliko wakati mwingine wowote. Nilitaka kujua chupa ya mpira ya maji moto inawekwa wapi kitandani. Nilitaka kujua mtu anayeishi kwenye nyumba iliyo juu ya nyumba nyingine anaanika wapi nguo. Sista alinifundisha kula kwa uma na kisu kwa kutumia kiazi kitamu, maana nyama ilikuwa ya Jumapili, na mara ya kwanza kiazi kiliruka kikaangukia kwenye ramani, baharini.

Mwalimu wangu mwingine alikuwa Bwana Gaudensi, mtunza bustani, aliyepigana vita vya Wazungu huko Bama na kusafiri kwa meli. Tulimzunguka jioni akimwagilia kabichi, wasichana sita au saba, nami mbele.

“Baridi ya huko si hii ya Mbinga,” alisema. “Ya Mbinga inakuja asubuhi, ukiota moto inaondoka. Ile inalala na wewe.”

“Na chakula, Bwana Gaudensi?”

“Viazi.”

“Vitamu?”

“Vya Kizungu. Leo viazi, kesho viazi, Jumapili viazi vimepondwa ili usivitambue.”

“Na kwenye meli, choo kiko wapi?”

“Hilo kamuulize Sista,” alijibu, na wenzangu wakaangua kicheko mpaka kengele ya sala ikatukuta tumeinama. Lakini kabla hatujatawanyika aliniita peke yangu, akaniambia jambo ambalo baadaye liliniponya siku nyingi za upweke: “Ukifika, jifunze kwanza jina la mtu anayepika. Mengine yatafuata.”

Kilichonishinda kilikuwa kisanduku kidogo kwenye fomu, cha tarehe ya kuzaliwa. Chuo cha huko hakikupokea mtu asiyetimiza miaka kumi na minane kabla ya Septemba. Nilijua nilizaliwa wakati kahawa inakauka uani, yaani mwezi wa nane. Mwaka sikuujua. Nilibatizwa shuleni nikiwa msichana mkubwa, na kwenye daftari la kanisa waliandika siku ya maji tu. Mama yangu alifariki siku aliyonizaa, na aliyenilea alikuwa mama yake, Bibi yangu, kule kwetu upande wa Mpepai. Basi ikaamuliwa Bibi aende barazani Mbinga, aape mbele ya karani. Alikwenda mwezi wa Aprili na mjomba wangu Hilari, mimi nikiwa chuoni.

Karani wa baraza, Bwana Otmari, alikuwa Mmatengo kama sisi, na hapo ndipo tulipokosea. Sisi tunalima kwenye miteremko kwa mashimo, tunayaita ngolo. Majani yanakatwa na kulazwa kwa miraba, yanafunikwa kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kuyatuliza maji ya mvua yasiondoke na shamba. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Machi, mashimo yanageuzwa: palipokuwa na shimo panakuwa tuta, palipokuwa na tuta panakuwa shimo. Bibi alimwambia karani kwamba shamba la mbele ya nyumba lilichimbwa mara ya kwanza mwaka nilipozaliwa, na tangu hapo limegeuzwa mara nane, ya mwisho mwezi uliopita. Karani mgeni angekuna kichwa, angeuliza hili na lile. Otmari hakuuliza, kwa kuwa alikuwa wa kwetu. Alizidisha nane kwa mbili, akaandika kumi na sita, akamshika Bibi mkono, akamwelekeza dole gumba kwenye wino.

Mwezi wa Mei karatasi zilirudi kutoka ofisi ya elimu. Mwombaji ni mdogo kwa miaka miwili. Kama kuna kosa, lirekebishwe kabla ya mwisho wa Juni, na kama halipo, nafasi itapewa mwingine. Sista Adelina alikunja barua mara nne. “Nenda nyumbani,” alisema. “Kaulize vizuri. Wewe si unajua kuuliza?”

Nilifika nyumbani maharage yakiwa yanang'olewa. Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mlima, wanaume wa ukoo walikusanyika kwa Babu Lotari, mdogo wake marehemu babu yangu, kwa sengu. Sengu ni kula pamoja, na ni baraza pia: kila nyumba inaleta chungu chake, wanaume wanakula kwenye duara, na mambo ya ukoo yanaamuliwa mikono ikiwa bado kwenye ugali. Wanawake tulikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa miti. Naandika kwa Kiswahili maneno yaliyosemwa kwa Kimatengo, na katika kuvuka huko kuna chumvi iliyomwagika, mnisamehe.

“Binti amerudishiwa karatasi,” Babu Lotari alianza.

“Wanasema ni mtoto,” alisema mjomba Hilari.

“Mtoto?” Huyo alikuwa Kosmasi, mjomba mdogo. “Wamemwona anavyokula?”

Walicheka. Mmoja akasema nisubiri, miaka miwili ni ngolo moja tu. Hilari akamjibu kwamba meli haisubiri ngolo.

“Mama yako alisema mashimo mangapi?” Babu Lotari akauliza.

“Nane. Nilikuwepo.”

“Na majani?”

Mikono ilisimama kwenye duara. Mtu aliyelala anasikia saa ya ukutani inaposimama, nami nilisikia hivyo hivyo. Hilari akasema polepole, “Hatukuyataja.” Babu Lotari akasema, “Haya. Kuleni.” Nilimgeukia Bibi. Alikuwa anahamisha chungu kutoka figa moja kwenda jingine, chungu ambacho hakikuwa na haja ya kuhama.

Asubuhi, shambani, nilimuuliza majani gani. Aling'oa shina la maharage, akalikung'uta udongo, akang'oa jingine. Nikauliza tena. “Maharage haya yanataka mikono, hayataki mdomo,” alisema. Bibi alikuwa mtu wa maneno, mwenye utani hata na padre, na sikuwahi kumwona amejifunga namna ile. Nilipokuwa nabeba mzigo wa pili, Hilari alinifuata njiani, akaongea akitazama pembeni kama mtu anayeulizia mbuzi aliyepotea. “Jumatatu wanawake wanateremka ziwani na maharage kwenda kubadilisha na usipa. Fuatana nao. Ukifika Lundo, ulizia nyumba ya Mama Eda. Sikukutuma mimi, umefuata usipa.”

Tulitembea siku mbili. Hadi leo najiuliza kama safari ndefu zaidi ya mwaka ule ilikuwa ile ya meli au ile ya kuteremka, maana kwenye meli nilijua ninakwenda kutafuta nini. Asubuhi ya pili, baada ya kona, bonde lilifunguka na nikaona chini kitu cha kijivu kisicho na mwisho. Nilidhani ni ukungu. Mwenzangu akasema, “Ukungu una mitumbwi?” Sikuwahi kuliona ziwa, au ndivyo nilivyoamini.

Mama Eda alikuwa anageuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, kisha akayainua, akaacha samaki, akaja mpaka karibu yangu. Hakunishika mkono. Alinishika kidevu, kwenye kovu langu dogo, ambalo Bibi alikuwa ameniambia ni la jembe.

“Hili ni la figa langu,” alisema. “Ulikuwa unafuata moto. Umefuata nini leo?”

Nilimwambia nimefuata miaka miwili. Sikujua kama nimesema vizuri, lakini alielewa, akanipeleka ndani. Chumba kilikuwa na giza la kupoa, wavu ukutani, picha ya askofu wa Kianglikana iliyopauka, na msichana wa rika langu aliyekuwa anasonga ugali wa muhogo, akanikodolea macho. Huyo alikuwa Eda. Tulikula mbasa wa kuchemsha, na Mama Eda alinihadithia huku akinitolea miiba, kama vile sijajifunza kula.

“Bibi yako alitokea mlimani amekubeba, kitovu hakijakauka. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba anauliza nani ana maziwa. Mimi nilikuwa na huyu, ana meno mawili. Nikasema leta. Nikawanyonyesha wote, mmoja huku, mmoja huku. Bibi yako akakaa. Akalima mihogo yangu miaka miwili, na kwake shamba likawa majani. Halafu siku moja nimekwenda kuloweka mihogo, narudi nakuta chungu kiko motoni, yeye hayupo, na wewe hupo.” Akatoa mwiba. “Eda alikutafuta uvunguni siku tatu.”

“Mama, sikumbuki hayo,” alisema Eda.

“Utakumbuka nini? Ulikuwa unalia. Nisingekataa akuchukue,” akaniambia mimi. “Ulikuwa wake. Nilitaka kukuaga tu.”

Kisha akatoa kopo la biskuti kutoka juu ya dari, na ndani yake, chini ya sindano na vifungo, cheti cha ubatizo cha Eda, kilichoandikwa na mkono wa shemasi. Alizaliwa mwezi wa pili. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Mwezi wa pili uliokuwa umepita alikuwa ametimiza kumi na minane. Mimi ningetimiza mwezi wa nane, kabla ya Septemba. Eda alikuwa anatazama midomo yangu ikihesabu.

“Huko Uingereza kuna ziwa?”

“Kuna bahari.”

“Basi utaoga,” alisema, ametulia, kana kwamba hilo ndilo jambo pekee la kuhakikisha kabla ya kumruhusu mtu aende.

Mama Eda hakukubali cheti kiende mlimani bila mwenyewe, kwa hiyo Eda alikuja nami. Jioni ya pili, tulipofika juu, upepo wa Juni ulimkuta amejifunga kanga mbili, akatetemeka mpaka maneno yakakatika. “Mwenzangu,” alisema, “Ulaya ndiyo hii. Umeshafika. Warudishie barua yao.” Nilimpa sweta yangu, mojawapo ya zile mbili za kwenye orodha, ambayo sista mmoja alikuwa amenifumia. Ndiyo maana nilisafiri na moja.

Bibi alikuwa uani. Alimwona Eda kwa mbali, akasimama, akaketi, akasimama tena. Alimletea maji ya kunawa miguu, jambo ambalo kwa desturi mimi ndiye ningepaswa kulifanya. Eda akaamkia, Bibi akaitikia. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, “Mama yako hajambo?”

“Hajambo. Anakusalimu.”

“Amesemaje?”

“Amesema nikwambie chungu hakikuungua. Alikiwahi.”

Bibi aliketi juu ya gunia la maharage na kufunika mdomo kwa mkono. Miaka yote niliyoishi naye nilidhani naujua uso wake. Eda, ambaye hakujua amebeba nini, aliendelea kunawa miguu, akisifu maji kwa ubaridi.

Kulikuwa na hofu moja bado. Aliyeapa ndiye wa kurekebisha kiapo. Kama Bibi angekaa kimya, cheti cha Eda kisingethibitisha chochote juu yangu, na kama angesema, ilimbidi aseme mbele ya watu kwamba aliacha shamba likawa pori, aibu kubwa kwetu, na kwamba aliondoka kwenye nyumba iliyomlisha bila kuaga. Sikumwomba. Ndiyo mara pekee mwaka ule nilipoacha kuuliza. Alfajiri nilimkuta amevaa kitenge cha kanisani, fimbo mkononi, anamwamsha Hilari. Tulitembea wanne mpaka Mbinga, Eda ndani ya sweta yangu.

Barazani kulikuwa na watu wenye kesi za mipaka ya kahawa, na wote walinyamaza kusikiliza, maana kesi ya mtu mwingine ni tamu.

“Bibi, mara ya kwanza ulisema nane,” Otmari alisema.

“Nilisema nane.”

“Na leo?”

“Leo tisa. Nilihesabu mashimo. Sikuhesabu majani.” Akamweleza yote, hadi ile zamu moja ya kugeuza iliyopita shamba likiwa majani, amesimama, akimwelekeza Eda kwa fimbo kama anayeonyesha mpaka wa shamba. Otmari alisoma cheti, akafuta miwani yake. Alisema kosa ni lake, alizidisha bila kuuliza. “Ungeuliza ningekudanganya,” Bibi akamjibu. “Lete huo wino.”

Niliondoka mwezi wa nane, nyuma ya lori la kahawa, na sanduku la bati ambalo ndani yake, chini ya koti la sufu, wanawake walikuwa wameficha maharage, usipa na mwiko. Mikono ya koti ilinipita vidole, lakini kuhusu mwiko wanawake hawakukosea. Huko nilijifunza kwanza jina la mpishi, akaniruhusu jikoni siku za Jumamosi, na mengine yakafuata.

Fundi aliandika mwaka, na wajukuu wakaubeba msalaba. Mimi nilikuwa na barua kwenye mkoba, ya mwaka wangu wa pili Uingereza, iliyonifikia Aprili katika chumba chenye dirisha lisilofunguka. Imechakaa kwenye mikunjo, lakini sihitaji kuisoma. Eda aliniandikia kwamba mwezi wa Machi, baada ya kugeuza mashimo, Bibi yangu aliteremka Lundo na debe la maharage kichwani. Alikaa siku nne. Yeye na Mama Eda waligombana namna ya kukausha usipa, wakagombana namna ya kumenya mihogo, na hawakunitaja hata mara moja. Siku ya tano alimwamsha kila mtu kabla ya jua, akaaga nyumba nzima, akaaga majirani, akaaga hata watu waliokuwa kwenye mitumbwi. Eda alimsindikiza mpaka njia ya mlimani. Hapo Bibi alisimama, akamuuliza amekaa siku ngapi. Eda akamwambia nne.

“Akasema, mwandikie mwenzako,” Eda aliandika. “Akasema, hizo zihesabiwe.”